Kitanda Kizuri Kipo Kila Mahali

Februari mwakani baba na mama watatimiza miaka 50 ya ndoa. Sisi watoto wanne tulianza kuchanga mwaka juzi, kila mwisho wa mwezi, na hela ilipofika mahali pa kutamkika kaka yetu mkubwa akasema tusifanye sherehe ya ukumbini. Wazee hawa wamekuwa kamati ya maandalizi ya harusi za watu maisha yao yote. Safari hii wapelekwe mahali wakalale, wapikiwe, watandikiwe kitanda, wasioshe hata kikombe. Hoteli ya nyota tano, siku tatu. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kaka alitaka Dar es Salaam, kwa sababu hospitali kubwa ziko karibu na kwa treni ya umeme kutoka Morogoro ni kama saa mbili tu. Dada alitaka Unguja. Mdogo wetu aliyeko Muscat alitaka Serengeti, akawa anatuma picha za tembo wanakunywa maji mbele ya bwawa la kuogelea. Nilipoulizwa naonaje nikasema sijui, sijalala hata moja kati ya hizo. Wakasema basi nenda ukatazame, hiyo ndiyo itakuwa kazi yako.

Kabla ya kuondoka nilipita nyumbani. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnataka kutupeleka hotelini."

"Ndiyo mama. Ungependa wapi?"

Akaendelea kuchambua. "Popote mtakapotupeleka. Ila niulizie kitu kimoja: kuna ngazi?"

Magoti ya mama yana miaka kumi sasa hayataki ngazi. Baba, aliyefundisha jiografia Kilosa, Mahenge na Ifakara kwa miaka 34, alikuwa ndani anasikiliza redio. Siku ile hakusema neno.

Nilianzia Dar, pale Kivukoni. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, nchi ikiwa na miaka minne ya uhuru, na kwa watu wa rika la baba mtu akisema tukutane Kilimanjaro, hakuna aliyefikiria mlima. Baadaye ilifungwa, ikakarabatiwa, ikapita katika mikono tofauti, na leo jina la Hyatt Regency limetangulia mbele ya lile la zamani. Nilipanda lifti hadi ghorofa ya nane saa kumi na moja jioni, nikaagiza chai. Chini yangu kulikuwa na paa jekundu la kanisa la Azania Front, barabara iliyojaa magari, kisha bandari yenyewe: meli za makontena zinaingia taratibu kwenye mlango mwembamba wa bahari, na pantoni la Kigamboni linavuka likiwa limebeba watu waliosimama bega kwa bega wakirudi majumbani. Nilikaa pale mpaka taa zikawaka ng'ambo.

Nimewahi kufika kwenye hoteli nzuri za Dar kwa mikutano, bila kulala. Serena ina bustani yake na utulivu usioutegemea katikati ya mji. Johari Rotana iko kwenye majengo marefu ya Taasisi ya Mwalimu Nyerere, hatua chache kutoka ofisi unazozifuata. Za Masaki zina upepo wa bahari na migahawa ya kutembea kwa miguu. Kitanda ni kizuri kote. Kinachotenganisha hoteli moja na nyingine katika jiji hili ni foleni. Mtu mwenye shughuli Posta akalala Masaki kwa sababu ya bwawa zuri, saa mbili za kila siku atazitumia ndani ya gari barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na raha aliyoilipia itaishia hapo. Kwa Dar ushauri wangu ni mfupi: tafuta kwanza shughuli yako iko wapi, kisha lala jirani nayo. Na kama huna shughuli, basi ulale Kivukoni, uone jiji linavyoishi.

Lakini baba na mama hawana shughuli Dar. Niliwaona kwa macho ya moyo wamekaa kwenye kiyoyozi ghorofa ya sita, wanatazama taarifa ya habari wanayoitazama nyumbani kila siku saa mbili usiku.

Kuna jambo moja la Dar nataka kulisema kwa sababu litamkuta kila Mtanzania atakayejaribu. Katika hoteli moja, ambayo sitaitaja, mlinzi alinisimamisha getini akaniuliza namfuata nani. Nyuma yangu mgeni wa Ulaya mwenye kaptula na kandambili alipita, akapigiwa saluti. Nilijieleza, nikaingia. Mapokezi nikauliza bei, dada akanitajia kwa dola. Nikamuuliza, "Na bei ya raia?" Akafungua ukurasa mwingine. Bei ikashuka kwa zaidi ya theluthi moja, na sasa ilikuwa kwa shilingi. Sikudanganywa, wala hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo siku hiyo. Tangu hapo kila nilipofika niliuliza kabla ya salamu kuisha, na hoteli nyingi, hasa za mbugani, zilikuwa na bei hiyo. Hata kiingilio cha hifadhi raia hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anachotozwa mgeni. Watu wengi wanaogopa milango hii kwa bei ambayo si yao.

Boti ya saa tatu na nusu ilinifikisha Unguja kabla ya adhuhuri. Kusi ilikuwa imekolea na abiria wengi walishuka wamejishika matumbo.

Shangani, hoteli mbili za fahari zimekaa karibu karibu mbele ya bahari. Serena ilifunguliwa mwaka 1997 ndani ya jengo la zamani la simu za ng'ambo, na Park Hyatt mwaka 2015, sehemu yake ikiwa ni lile jengo linaloitwa Mambo Msiige. Wenyeji husimulia kwamba tajiri aliyelijenga, katikati ya karne ya 19, alichanganya mayai kwenye chokaa ili kuta ziwe imara, na watu walipoona israfu ile wakalipa jina la onyo: mambo haya msiyaige. Nilisimama mbele ya mlango wake nikagusa ukuta. Hata kama mayai ni hadithi, ukuta ni mpana kuliko urefu wa mkono wangu, na ndani, kabla hata hujakuta mashine ya baridi, hewa tayari ni ya kivulini.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtu anayetafuta hoteli hapa anapaswa kuelewa jinsi nyumba zake zilivyojengwa, maana hoteli zake zimo ndani ya nyumba hizo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haizidi. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, kama mita tatu hivi, lakini ni virefu, na dari iko juu sana. Mgeni aliyezoea hoteli za mjini huingia akadhani amepewa chumba kidogo. Hakupewa kidogo. Amepewa chumba ambacho upana wake uliamuliwa na mti wa pwani, na ustadi wa wenye nyumba ulikuwa ni kukijaza uzuri: samadari ya mti mzito yenye nakshi, vishubaka ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri, dirisha refu lenye mbao za kupitisha upepo.

Nyumba iliyonishika zaidi iko Hurumzi. Ilikuwa ya Tharia Topan, yule tajiri wa Kihindi aliyekusanya ushuru wa forodha enzi za Sultani Barghash, na leo ni hoteli ya Emerson on Hurumzi. Gari halifiki, begi langu lilibebwa na kijana kichochoroni, huku tukipishana na pikipiki na watoto wa chuoni. Kisha ngazi. Ngazi za mbao, zimesimama wima, zinakata kona, zinapanda tena. Nilianza kuzihesabu nikapoteza hesabu. Juu kabisa, paani, chakula huliwa mmekaa chini kwenye mito, na wakati wa magharibi adhana zinapokezana kutoka msikiti hadi msikiti mpaka mji wote unasikika kama nyumba moja. Mabati yenye kutu, minara, milingoti ya majahazi. Na upande wa bahari, pengo: Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Nyumba hizi si za milele. Hoteli inayozitunza vizuri inafanya kazi ambayo Serikali peke yake imeshindwa kuimaliza, na kwa sababu hiyo tu nisingeona uchungu kulipa.

Asubuhi nilimkuta mzee mmoja kwenye baraza ya jirani na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia, nikamweleza habari za wazee wangu.

"Walete mwanangu, karibuni sana. Lakini magoti?"

"Ndiyo tatizo, mzee wangu. Labda tuwatafutie chumba cha chini."

Akatikisa kichwa. "Chini hapakuwa pa kukaa watu. Chini stoo, chini duka, chini watumishi. Nyumba ya Unguja raha yake iko juu, unafuata upepo. Ukimlaza mama yako chini, umemleta Unguja hukumfikisha."

Hilo lilinimaliza. Zile hoteli kubwa za Shangani zina lifti, ni kweli, na mtu mwenye magoti mabaya atakaa kwa starehe. Lakini dada alipotaka Unguja alikuwa anataka lile paa, zile adhana, ule upepo. Na vyote viko juu ya ngazi.

Nikaenda pwani ya mashariki kutafuta mahali tambarare. Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu picha za hoteli za ufukweni zimewaumiza watu wengi. Hoteli niliyoichagua kwa picha, nayo haitajwi jina, ilionyesha bahari ya samawati imegusa ngazi za veranda. Nilifika saa tano mchana. Bahari haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa mchanga, majani ya baharini na mawe, na mstari mweupe wa mawimbi mbali huko ambako sikio halifiki. Kaskazini ya kisiwa, Nungwi na Kendwa, maji hayarudi mbali hivi. Lakini Paje, Jambiani, na ukanda wote wa mashariki, maji hupwa hadi karibu na mwamba, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne.

Nilikasirika kwa nusu saa. Kisha nikavua viatu nikatembea. Wanawake walikuwa kwenye mashamba ya mwani, wamejifunga kanga viunoni, maji yakiwafika magotini, wanafunga miche kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti. Mmoja wao, mama wa makamo, alinionyesha jinsi ya kukanyaga ili nisichomwe na mashokoa. Akaniambia kwa siku za bamvua wana saa tatu, pengine nne, za kufanya kazi kabla maji hayajarudi, na maji yakianza kurudi hayakusubiri. Nilirudi nayo, yananifuata kwa nyuma, na saa kumi na moja jioni ile picha ya hoteli ilikuwa kweli tupu mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo hoteli ile haikudanganya, ila ilisema nusu. Anayetaka kuogelea wakati wowote aende kaskazini. Anayetaka upepo wa kuendesha matanga, Paje wakati wa kusi ni mahali pake. Anayekwenda mashariki aulize siku zake zinaangukia siku ya ngapi ya mwezi kwa hesabu ya kuandama, siyo kalenda ya ukutani. Na Aprili na Mei, masika ikipiga, hoteli kadhaa hufunga kabisa; zinazobaki wazi hushusha bei, na unachookoa kwenye bei unakilipa kwa mvua.

Mikoa mingine naipita haraka. Dodoma hoteli zinaongezeka kwa ajili ya wabunge na mikutano, na ni za kufanyia kazi. Mwanza ningependa kurudi, kwa ajili ya mawe na ziwa. Upande wa Capri Point jua linapozama kuna raha ambayo haijatangazwa vya kutosha. Kambi za kusini, Ruaha na Hifadhi ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, zinafikiwa vizuri kwa ndege ndogo, na bajeti yetu haikuruhusu. Arusha nililala usiku mmoja kama kila mtu anavyolala Arusha: ukisubiri gari la asubuhi.

Tuliingia Ngorongoro kwa lango la Loduare saa nne. Dereva wangu, kijana wa Karatu, aliwasha taa za gari. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa Kimaasai walitokeza barabarani kama vivuli, kengele zao zikisikika kabla yao. Tulisimama pale watu wanaposimama kutazama kasoko. Weupe mtupu. Wageni wa Kijerumani walipiga picha za ukungu, wakarudi garini. "Tutaiona tukirudi," dereva akasema, nasi tukateremka kuelekea Serengeti kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi yanayotikisa meno. Nilimfikiria mama kila gari liliporuka.

Serengeti ilinifundisha jambo ambalo mdogo wetu wa Muscat hakulijua. Nyumbu hawana anwani. Januari hadi Machi wako kusini, Ndutu, wanazaa. Mei na Juni wanasogea magharibi, upande wa Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende, wanavuka Mto Mara. Hoteli ya saruji haiwezi kuwafuata. Za Seronera, katikati, ziko salama kwa mwaka mzima kwa sababu simba, chui na tembo wa pale hawahami. Seronera Lodge yenyewe imejengwa ikikumbatia majabali, mti na jiwe vikiingia hadi ukumbini. Nilipita Four Seasons mchana na nikaona alichokiona mdogo wangu: bwawa, chini yake kisima cha maji, na tembo kumi na moja wamesimama wanakunywa, wadogo wakijificha kati ya miguu ya mama zao. Hakuna mtu aliyekuwa anaogelea. Wote walikuwa wamesimama kwenye ukingo, kimya, maji yakiwachuruzika.

Usiku nililala kwenye kambi ya mahema, zile zinazong'olewa na kuhamishwa kufuata nyumbu. Kitanda halisi, shuka nyeupe, taa ya jua. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni na kumiminwa kwenye ndoo iliyoning'inizwa nje ya hema, mhudumu husimama upande wa pili wa turubai akauliza, "Maji tayari, nimwage?" Unaoga kwa haraka chini ya nyota, na fisi unamsikia. Kwa bei, kambi ile inapita hoteli nyingi za Dar, nami nasema inastahili, kwa kijana au kwa mtu mwenye miguu mizima. Usiku huruhusiwi kutoka bila askari, na choo, ingawa kimo hemani, kina kizingiti cha turubai ambacho mimi mwenyewe nilijikwaa.

Tulirudi ukingoni siku ya tatu, saa kumi alasiri, ukungu umefunga tena. Kwenye ukingo huu kuna chaguo la kila mfuko wenye kitu: Crater Lodge yenye taa za vioo na bei inayozidi dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku, Serena iliyofunikwa kwa mawe ya hapo hapo mpaka ukiwa mbali huioni, Sopa upande wa mashariki wenye barabara yake ya kushukia chini, na Wildlife Lodge iliyojengwa enzi za mashirika ya umma, madirisha yake yote yakitazama kasoko. Kuna wanaoishi hapa pia, na tangu mwaka 2022 familia nyingi za Kimaasai zimehamishiwa Msomera, Tanga. Mtu anayelala kwa raha ukingoni ajue kwamba ardhi anayoitazama ina wenyewe wanaoikumbuka. Hoteli niliyolala siitaji, kwa kuwa wazee wangu watakuwa huko na nataka wakae kwa amani.

Ni baridi. Ukingo uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku unavaa sweta juu ya sweta. Niliporudi chumbani baada ya chakula nikapanda kitandani, mguu wangu ukagusa kitu cha moto chini ya blanketi nikashtuka. Ilikuwa chupa ya mpira yenye maji ya moto, imevishwa mfuko wa kitambaa. Hakuna aliyeniambia ataiweka. Nilimkumbuka bibi yangu wa Uluguru, aliyekuwa akituwekea miguuni jiwe lililopashwa moto mekoni, limefungwa kwenye kanga. Nje, nyati walikuwa wanakula majani ya bustani. Niliwasikia wakivuta na kutafuna, karibu kabisa na ukuta.

Saa kumi na mbili na dakika kumi nilifungua pazia. Ukungu ulikuwa umejaa kasoko kama maziwa kwenye bakuli, na ulikuwa unashuka. Kwanza ukatokea ukingo wa ng'ambo, buluu, mbali. Kisha mteremko. Kisha, taratibu, chini kabisa kama mita 600, uwanda wenyewe, eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, na ndani yake ziwa lenye ukingo mweupe wa magadi na madoa meusi yaliyokuwa yanatembea. Nikapiga simu nyumbani. Alipokea baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko ukingoni Ngorongoro."

Akanyamaza kidogo. "Unaona chini?"

"Naona."

"Ziwa lina maji?"

"Lina maji, baba. Pembeni jeupe."

"Hayo ni magadi. Mlima ulikuwa pale, juu sana. Ukalipuka, ukajidondokea wenyewe ndani, ndiyo ikabaki kasoko." Alikuwa anafundisha. Nikamwacha afundishe. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu mwingine, "Nimeichora ubaoni kila mwaka. Miaka 34. Chaki ya kahawia kwa ukingo, ya buluu kwa ziwa." Kisha akauliza, "Kutoka chumbani inaonekana?"

"Nimelala, baba. Naiona kutoka kitandani."

Hakujibu. Nikasikia redio yake.

Nilikwenda mapokezi. Dada wa zamu alinisikiliza habari za magoti ya mama, akafunga daftari lake. "Twende tukapime, kaka. Mama yangu naye ni hivyo hivyo." Hoteli hizi zimejengwa mteremkoni, na kuna vyumba vya kushukia ngazi nyingi ambavyo kwenye picha vinafanana kabisa na vya juu. Tulitembea kutoka ukumbi wa chakula hadi chumba cha kwanza cha upande wa kulia, akihesabu kwa sauti. Alinionyesha bafu: beseni la kuoga lenye ukuta mrefu halifai, akasema, wapewe chenye bomba la mvua. Nilipomtajia kwamba mama ana presha pia, akashauri aonane kwanza na daktari wake, kwa ajili ya urefu wa mahali. Februari, akaniambia, baridi si kali kama sasa, mvua za vuli zimepita na za masika hazijaanza, na asubuhi nyingi huwa wazi. Kushuka chini wazee watashuka kwa gari siku moja tu, polepole, na siku nyingine watakaa dirishani.

Niliwatumia ndugu zangu ujumbe usiku ule nikiwa Karatu. Kaka aliuliza habari ya hospitali, nikamweleza. Dada aliuliza kama kuna bahari, kisha akafuta ujumbe wake mwenyewe. Wa Muscat aliuliza kama kuna bwawa. Nikawaandikia kuhusu chaki ya kahawia na ya buluu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Wewe unayetaka kuwapeleka wazee wako, au mwenzi wako, usianze na nyota. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vyake vya kuzigawa, vizuri tu, vya ukubwa wa chumba, jiko, usalama na huduma. Anza na mtu unayempeleka: ametamani kuona nini maisha yake yote, na mwili wake unamruhusu nini. Kisha uliza mwezi, uliza mvua, uliza maji yanajaa saa ngapi, uliza bei ya raia.

Tumelipa nusu, kwa shilingi. Siku tatu, wiki ya pili ya Februari. Dirisha linatazama kasoko, na kati ya kitanda na meza ya chakula kuna ngazi nne, zenye mkono wa kushikia.